Tulinde laini zetu: maneno kwa vijana juu ya ukuta wa moto na simu za intaneti

Maneno tuliyoyasema mbele ya vijana wa mitaa ya Butembo, siku ya mafunzo



 Tunajua wengine wenu mumetoka mbali kwa mguu, na wengine mumeacha kutafuta chakula ya leo ju ya kutusikiliza. Hatutawapotezea wakati.

Leo hatusemi juu ya barabara wala juu ya maji. Tutasema juu ya mashine moja ndogo, dola 212, na mwenzetu mmoja ambaye kwa siku tatu aliitwa mwizi. Tulitaka kunyamaza, ju kosa lilikuwa letu na haya ilitushika. Lakini sisi ndio tunaosimama kila mara kuuliza wakubwa: makuta ya watu ilienda wapi? Basi na sisi tujibu siku tukiulizwa.

Mambo yalivyoanza

Sisi ni vijana watano, tulimaliza masomo ya informatike, diploma tuko nazo, kazi hatuna. Mwaka uliopita shirika moja la vituo vya afya lilitufikia. Lina vituo vitano, vingine viko mbali na barabara nzuri. Mkunga akiwa na shida usiku, anapaswa kumpigia daktari, ama kumpigia mtu wa pikipiki aje kumchukua mama. Kredi ya simu ilikuwa inawamaliza. Wakatuuliza: nyinyi muliosoma, hamuwezi kutusaidia?

Tuliweza. Kuna programu inaitwa Asterisk. Mark Spencer, kijana wa Marekani, aliianzisha mwaka 1999, na ni ya bure mpaka leo. Ukiiweka kwa ordinatere ya kawaida, ile ordinatere inakuwa kama sentrali ya simu: inagawa namba za ndani, inaunganisha watu, inapokea na kutoa simu. Kila kituo tulikipa namba yake, kuanzia 101 mpaka 105. Vituo vikaanza kuzungumza kati yao kwa intaneti bila kulipa dakika. Kwa kupiga nje, kwa simu ya mwenye pikipiki ama ya daktari, shirika lilinunua laini ya nje ya kulipia mbele. Unaweka dola, unapiga mpaka ziishe. Akina mama walichanga, wakaweka dola 212. Hiyo ilipaswa kuenda miezi mingi.

Siku ya Ijumaa jioni umeme ulikatika, kama munavyojua. Betri ikachoka usiku, mashine ikazimika. Jumamosi asubuhi umeme ukarudi, mashine ikawaka yenyewe, simu zikaita, sisi tukafurahi. Jumatatu asubuhi mama msimamizi akatuita. Kredi ilikuwa sifuri.

Alimtazama mwenzetu aliyekuwa na neno la siri la mashine, akasema: «Bana yangu, muliniambia mulisoma. Sasa makuta yetu iko wapi?»

Mwenzetu akajibu: «Mama, utupatie siku tatu.»

Jumapili usiku mkunga wa kituo kimoja alijaribu kupigia pikipiki, laini ikakataa. Alikimbia kwa jirani kukopa kredi. Mama yule alijifungua salama, tunamshukuru Mungu. Lakini tulipokwenda kumwona mkunga, hakutukemea. Alituambia tu: «Ile dakika makumi mbili nilizipoteza, siku ingine zitaua mtu.» Hayo maneno ndiyo yametuleta mbele yenu.

Daftari la mashine lilisema nini

Asterisk inaandika kila simu kwa faili: nani alipiga, wapi, saa ngapi, sekunde ngapi. Tulifungua hilo faili. Jumapili, 01:47 usiku, namba ya ndani 104 ilianza kupiga inje ya nchi, kwenye nchi ambako hakuna mtu wa kituo anajua hata mmoja. Simu nyingi kwa wakati mmoja, kila moja dakika kadhaa. Mbele ya saa 04:30 kredi ilikuwa imekwisha. Kituo cha 104 kiko na simu moja na mkunga mmoja, na usiku ule alikuwa analala.

Tukafungua daftari lingine, lile la makosa. Toka Jumamosi mchana tulikuta maelfu ya mistari: mtu anajaribu namba 100, 101, 102, anajaribu neno la siri, anakataliwa, anajaribu tena. Alipofika kwa 104, alijaribu neno la siri «104». Mlango ukafunguka, ju sisi wenyewe ndio tulioweka lile neno. Tulisema tutalibadilisha kesho. Kesho haikufika.

Wezi wanapata nini kwa kupigia namba za mbali? Wengi mulituuliza. Duniani kuna namba za bei kali, ambazo sehemu ya makuta ya dakika inamrudilia mwenye kuzikodi. Mwizi anakodi namba kama hizo, halafu anatumia sentrali ya mtu mwingine kuzipigia usiku kucha. Wewe unalipa, yeye anagawana na wenzake. Ndiyo sababu wanapenda usiku, na mwisho wa juma, wakati hakuna mtu anaangalia. Na hawakuchagua Butembo ju wanatuchukia. Programu yao inazunguka intaneti yote, inagonga kila adrese, inauliza: hapa kuna simu? Programu moja inayojulikana ni SIPVicious. Ilitengenezwa kwa kupima usalama, lakini wezi pia wanaitumia. Mtu asipoibadilisha, inajitambulisha kwa jina «friendly-scanner», ni kusema mchunguzi rafiki. Rafiki gani huyo!

Ukuta wetu ulikuwa wapi?

Hapa ndipo haya inatushika zaidi. Ukuta tulikuwa nao. Tuliujenga siku ya kwanza. Tuliandika kanuni kwa iptables: mitandao miwili ya simu ambayo vituo vinatumia ipite, wengine wote wabaki inje. Ulifanya kazi vizuri miezi mingi. Lakini kanuni za iptables zinakaa kwa memori ya mashine. Usipozihifadhi kwa faili itakayosomwa wakati mashine inawaka, siku mashine inazimika zinapotea zote. Sisi hatukuzihifadhi. Umeme ulipokatika Ijumaa, ukuta ulianguka bila kelele. Jumamosi mashine iliwaka ikiwa uchi. Simu zilikuwa zinaita vizuri, kwa hiyo hakuna aliyeona.

Kwa mji kama wetu, somo la kwanza ni hilo. Kila kitu unachokiweka kwa serveri, kijaribu kwa kuizima na kuiwasha. Ikiwaka na ukuta haupo, basi ukuta huna.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe.

Simu ya intaneti inapita kwa milango miwili

Ukuta wa moto hauna moto. Ni kanuni tu, zinazoangalia kila paketi inayofika kwa mashine na kuamua: pita, ama bakia inje. Ju ya kuandika kanuni nzuri, lazima ujue simu inapita wapi.

Simu ya intaneti iko na vitu viwili. Cha kwanza ni SIP, ndiyo inayoita na kujibu: «niko 104, nataka kusema na 101». Inatumia poti 5060, ama 5061 ikiwa imefungwa kwa siri. Cha pili ni RTP, ndiyo inayobeba sauti yenyewe. Hiyo haiko na poti moja, inachagua ndani ya safu ya poti nyingi. Kwa mifano ya Asterisk utakuta 10000 mpaka 20000, kwa UDP.

Ndiyo sababu watu wengi wanajenga ukuta, halafu simu inaita, mtu anapokea, na hakuna sauti. Ama mmoja anasikia, mwingine hasikii. Wamefungua 5060, wamesahau RTP. Ukikutana na shida ya sauti ya upande mmoja, anza kutafuta hapo. Halafu angalia ruta: nyingi ziko na kitu kinaitwa SIP ALG, kinachodai kusaidia, lakini kinabadilisha ujumbe wa SIP na kuharibu. Kizime.

Kanuni tulizoziandika upya

Mutusikilize vizuri hapa, na wenye karatasi waandike. Ukuta unasoma kanuni toka juu kwenda chini, na ile ya kwanza inayolingana ndiyo inaamua. Ukiweka «kataza wote» juu, zile za chini hazina kazi tena.

Ya kwanza: ruhusu mazungumzo ambayo mashine yenyewe iliyaanzisha, pamoja na mashine kujisemesha yenyewe ndani. Bila hiyo, hata laini ya nje haitakujibu.

Ya pili: poti 5060 usiifungulie dunia nzima. Fungulia adrese za kampuni inayokuuzia laini ya nje, na watu wako tu. Lakini watu wetu wanatumia intaneti ya simu, adrese yao inabadilika kila siku. Zamani tuliruhusu mitandao mizima ya makampuni, na hiyo ni watu wengi mno. Sasa tumeweka VPN ya WireGuard. Kila kituo kiko na ufunguo wake, simu inaingia kwanza kwa VPN, ndipo inaona sentrali. WireGuard inatumia poti moja ya UDP, kwa kawaida 51820, na mtu asiye na ufunguo haijibu hata neno. Akigonga, ni kama nyumba haina watu. Inaenda kwa simu za Android bila shida.

Ya tatu: punguza safu ya RTP. Simu moja inayopita kwa sentrali inatumia poti nne, mbili kwa kila upande. Sisi hatufikishi hata simu kumi kwa wakati mmoja. Basi tuliandika kwa rtp.conf 10000 mpaka 10200, na kwa ukuta 10000 mpaka 10200. Namba zilingane pande zote mbili, la sivyo sauti itapotea siku moja ndiyo, siku moja hapana, na utatafuta sababu mpaka uchoke. Hiyo safu usiifungie adrese ya SIP peke yake, ju kampuni nyingi zinatuma sauti toka mashine ingine.

Ya ine: milango ya msimamizi ifungwe kabisa kwa inje. SSH poti 22, kurasa za usimamizi 80 na 443, poti 5038 ambayo programu zinatumia kuongoza Asterisk. Uingie kwa VPN tu. Hili si woga. Mwezi wa 8 mwaka 2025, Sangoma, wenye FreePBX, walionya dunia kwamba wavamizi wanaingia kupitia kurasa za usimamizi zilizoachwa wazi kwa intaneti, wakaomba watu wazifunge. Aliyekuwa amezifunga mbele alilala vizuri.

Ya tano, ya mwisho kabisa: wengine wote, kataza.

Na musisahau IPv6. iptables inalinda IPv4 peke yake. Mashine yako ikiwa na adrese ya IPv6, mwizi atapita kwa mlango wa nyuma huku wewe unalinda wa mbele. Tumia ip6tables pia, ama nftables, inayoweza kushika zote mbili kwa meza moja.

Kuna kitu kingine cha kuogopa: kujifungia inje wewe mwenyewe. Ukiwa mbali na mashine, ukaandika «kataza wote» mbele ya kujiruhusu, imekwisha. Utapanda pikipiki kwenda kuifungua. Sisi tulilipa safari mbili hivyo. Fanya hivi: mbele ya kubadilisha, iambie mashine kwamba baada ya dakika tano irudishe kanuni za zamani. Ukiona bado uko ndani, futa hiyo amri na uhifadhi kanuni mpya. Ukijifungia, ngojea dakika tano.

Ukuta peke yake hautoshi

Tusiwadanganye. Mlinzi wa lango hawezi kumzuia mtu aliye na ufunguo wa kweli. Ju ya hiyo, tulifanya mambo mengine.

Maneno ya siri: kila namba ya ndani iko na neno refu, lililochaguliwa na mashine, herufi na namba zilizochanganyika. Hakuna mtu anaandika kila siku, linaingizwa kwa simu mara moja tu. Basi hakuna sababu liwe fupi.

Simu za inje ya nchi: vituo vyetu vinapigia watu wa hapa, namba zinazoanza na 243. Kwa nini sentrali iwe na ruhusa ya kupigia dunia nzima? Tuliandika kwa mpango wa kupiga: 243 inapita, ingine yote inakataliwa. Kama tungeandika huo mstari siku ya kwanza, mwizi angeingia na kukuta sahani tupu.

Kredi: weka kidogo kidogo. Kampuni zingine zinajaza zenyewe kredi ikiisha, zinachota kwa karti yako. Zima hiyo. Omba pia wakuwekee mpaka wa matumizi ya siku, kama wanaukubali.

Fail2ban: hii inasoma daftari la makosa, na adrese inayokosea mara nyingi inaifungia inje. Kama hauwezi kuweka VPN na lazima 5060 ibaki wazi, usiishi bila hiyo. Lakini chunga: kwa kawaida inafungia ukikosea mara kadhaa, kwa dakika kumi. Simu moja ya kituo ikiwa na neno la siri baya, kituo kizima kinaweza kufungwa, ju simu zote zinatoka kwa adrese moja. Andika adrese za watu wako kwa orodha ya wasioguswa.

Wengine watawaambia: badilisha tu 5060, weka namba ingine. Inapunguza kelele, ndiyo, ju programu nyingi zinagonga 5060. Lakini ni kama kuficha mlango nyuma ya pazia. Fanya ukipenda, halafu funga mlango.

Na daftari lisomwe. Kwetu sasa kila asubuhi mmoja anafungua faili ya simu za usiku, dakika tatu, na anaandikia wengine: usiku ulipita salama. Tunapokezana. Jumapili pia.

Tulivyorudi kwa akina mama

Siku ya tatu tulirudi kwa shirika na karatasi mkononi. Tulichapisha mistari ya daftari, saa kwa saa. Tulieleza mwizi aliingia wapi. Hatukusema «wezi wa intaneti» halafu tukanyamaza. Tulisema pia: kanuni hatukuzihifadhi, neno la siri lilikuwa 104, na hayo ni makosa yetu.

Mama msimamizi alisoma muda mrefu. Akauliza: «Kwa hiyo mutoto hakukula makuta?» Tukajibu: «Hapana, mama. Lakini tuliacha mlango wazi.» Akamwita mwenzetu, akamuomba msamaha mbele ya wote. Wangapi kati yenu mumeshaona mkubwa anaomba kijana msamaha mbele ya watu? Sisi ilikuwa mara ya kwanza.

Tulichanga dola 60, ndiyo nguvu yetu. Iliyobaki tunailipa kwa kazi: miezi kumi na miwili tunaangalia mashine bila malipo, na tumefundisha watu wawili wa shirika waweze kuiangalia hata tusipokuwepo. Hayo yote yako kwa karatasi, na sahihi ziko.

Bandugu, wengi wenu mutaitwa kesho kuweka kamera kwa duka, intaneti kwa shule, simu kwa kanisa. Watu watawaamini ju mulisoma. Tunawaomba mambo matatu. Mbele ya kuondoka, zima mashine na uiwashe, uone kama ukuta umerudi. Mwachie mwenye mali karatasi inayoeleza uliyoyafanya, kwa lugha anayoisikia. Na siku kitu kitaharibika, fungua daftari mbele ya wote, hata kama jina lako limo.

Tuko na mashine ndogo hapa mezani. Wenye kutaka, mubaki. Tutaijenga ukuta pamoja, tutachomoa umeme, tutaona nani ukuta wake unasimama.